Saa Yenye Baba Kumi na Mmoja

Gesare, fundi wa cherehani anayegawana veranda na mzee Obiero mjini Kericho, ndiye aliyeanza kusema kwamba saa ya mzee ina baba kumi na mmoja. Alisema hivyo siku moja ya mvua, wateja hakuna, na maneno yakashika. Mtu akipita akiuliza kama mzee ana saa ya zamani ya kuuza, Gesare hujibu kabla mzee hajatoa lenzi jichoni: iko moja, lakini mtoto haozwi kabla baba yake hajajulikana.

Mzee Obiero hambishii, maana ni kweli. Saa hiyo hukaa katika mkebe wa bati uliokuwa wa peremende za kifua, imefungwa kwa kipande cha flaneli, ndani ya droo ya kushoto ya meza yake. Uso wake ulikuwa wa Onyiego, karani wa stoo. Springi ilikuwa ya Mogaka wa boila. Gurudumu dogo linalokwenda mbele na nyuma, lile ambalo mafundi huliita balansi, lilitoka kwa mtu wa lori aliyefia Kedowa. Orodha inaendelea mpaka watu kumi na mmoja, wote wa kiwanda kimoja cha chai, na mzee anaweza kuwataja kwa mpangilio ambao vipande vyao vinagusana ndani ya saa. Kitu kimoja tu hakikuwa na mwenyewe: kifuniko cha nyuma. Hicho kilitoka kwenye saa iliyokufa kabla haijapewa mtu. Ni kitupu, kinang'aa, hakina herufi hata moja.

Inatembea vizuri. Kwa siku nzima hupoteza sekunde zisizozidi ishirini. Lakini kwa miaka tisa tangu aimalize, mzee hakuwahi kuivaa.

Ana umri wa miaka sabini na mitatu, na kwa miaka thelathini ameketi hapo, mbele ya duka la dawa za mifugo, nyuma ya meza yenye droo sita. Siku hizi kazi kubwa ni kubadilisha betri na kukata mikanda. Saa za kutia ufunguo huja moja moja, zikiletwa na wajukuu wa wenyewe. Zikija, mzee ana sheria ambayo wateja wa zamani wanaijua: akikuuzia saa, atakuambia ndani yake kuna nini. Kama springi ni ya saa nyingine, atasema. Kama uso umepakwa rangi upya, atasema hata hujauliza. Kuunga saa si dhambi, yeye hushikilia. Dhambi ni kuunga ukanyamaza.

Habari ya saa hizi ilianza kiwandani. Obiero alipanda kutoka Nyakach, kwa Wajaluo kando ya ziwa, tarehe tatu Juni mwaka 1969, kijana wa miaka kumi na minane, akaajiriwa kunoa rola za kusagia majani. Ni kazi ya macho na subira. Meno ya rola yakipishana kwa unywele, chai inaharibika, na mnada haukuulizi sababu. Mkono uliozoea meno ya rola haukupata taabu na magurudumu ya saa, na kabla ya miaka kumi kwisha, wenzake walikuwa wakimletea saa zao wakati wa chakula cha mchana.

Saa zenyewe zilikuwa za aina moja. Kampuni iliagiza masanduku yake kutoka Uswisi zamani, ikawa inazitoa kidogo kidogo. Kila Ijumaa ya mwisho ya Novemba, uwanjani nyuma ya kiwanda, mfanyakazi aliyetimiza miaka ishirini na mitano aliitwa jina kwa kipaza sauti, idadi ya miaka yake ikasomwa, na meneja akamkabidhi saa yenye jina lake limechongwa nyuma. Kisha wanawake wa Kikipsigis walipita mbele na sinendet, ule mmea unaotambaa ambao watu wao humvika shingoni mtu aliyerudi na heshima. Walimvika kila aliyepewa saa, awe mtu wao au wa kutoka ziwani. Obiero alipiga makofi katika sherehe zaidi ya ishirini. Nyingi kati ya hizo yeye ndiye aliyepanga viti.

Mwisho wa Februari 1994 kampuni ilipunguza wafanyakazi. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa karakana. Alikuwa ametumika miaka ishirini na nne, miezi minane na siku ishirini na tano.

Hesabu hiyo nyumbani kwake ilijulikana kama sala ya kabla ya kula. Binti yake wa mwisho, Maxine, aliijua kabla hajajua kusoma saa. Mzee hakuwa akilalamika. Aliitaja tu, kama mtu anavyotaja namba ya kitambulisho. Lakini watoto husikia lililo chini ya sauti, na Maxine alikua akijua kwamba baba yake anatengeneza saa za watu wote na mkono wake mwenyewe hauna kitu.

Alipomaliza kuiunga ile ya mkebe, Maxine alimwuliza mbona haivai. Mzee alifikiri, akasema mtu hajipi. Angeivaa tu hivihivi, angekuwa kama bwana harusi aliyejipeleka kanisani peke yake.

Kwa hiyo mwaka jana, Maxine, ambaye sasa ana miaka thelathini na mitano na anafanya kazi katika ofisi za kaunti, aliamua kumpa. Mama yake, Eddah, alikuwa amefariki, na Jumapili nyingi yeye ndiye aliyekuja kumpikia mzee. Kwa miezi minne alitafuta kwenye simu, katika kundi la watu wanaouziana saa za zamani, mpaka akaipata: saa ileile, ya Uswisi, ya kutia ufunguo, ya kampuni ileile ya chai. Mwuzaji alikuwa Nairobi. Aliandika kwamba ni orijino kuanzia kioo mpaka mkanda, na tena ni adimu, kwa sababu ina mshale wa sekunde mwekundu, na za mshale mwekundu hazizidi tano duniani.

Aliileta Jumapili, katika kijisanduku chenye utepe. Mzee alinawa mikono, akaifungua.

"Baba, hii si ya kuungaunga," Maxine alimwambia. "Hii ni orijino."

Mzee aliitazama muda mrefu. Maxine alidhani ni furaha, na furaha ilikuwemo. Uso ulikuwa safi, namba zote zimesimama. Lakini jicho la mzee lilikuwa kwenye mshale mwekundu. Mshale ule aliujua. Aliutoa yeye mwenyewe kwenye saa ya mkono ya mwanafunzi iliyopasuka kioo, akautia kwa mkono wake katika saa ya mtu ambaye macho yake yalianza kufifia, mtu aliyetaka kuona kwamba sekunde bado zinatembea.

Akaigeuza. Nyuma iliandikwa: S. KIPNGENO 1961–1986.

Kipngeno alikuwa msimamizi wa kunyausha majani, Mkipsigis wa Siongiroi, mtu mrefu asiye na haraka. Alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Mzee Obiero alikuwa mazishini.

Maxine alikuwa ameliona jina. Kwake lilikuwa uthibitisho, jambo linaloonyesha kwamba saa si bandia. Mzee alichukua kisu chake kidogo, akabandua kifuniko. Kwa ndani, mahali ambapo mwenye saa haoni, mafundi huchora alama zao. Alama ilikuwepo: herufi ya O iliyokatwa kwa mstari, na mwaka 2003. Ilikuwa yake. Mbali na mshale, springi nayo aliibadilisha yeye mwaka huo. Akamwelezea Maxine yote hayo taratibu, mpaka Maxine akaketi.

Kwa hiyo si orijino, Maxine alisema.

Mzee alijibu kwamba ni orijino kuliko nyingi. Shida si hiyo. Shida ni kwamba ina mtu.

Maxine hakuwa mtu wa kununa, lakini miezi minne ni miezi minne. Alisema Kipngeno ameshakufa, saa imeuzwa sokoni na watu wake wenyewe, na jina si chuma, linafutika. Baba yake ana vifaa vya kulifuta kwa nusu saa na kuandika lake. Nani atajua? Kisha akaosha vyombo kwa kelele kidogo, akaaga.

Alipoondoka mzee aliivaa. Ilimkaa. Mkono wa Kipngeno na wake ulikuwa wa unene mmoja, hata tundu la mkanda lililochakaa ndilo alilolihitaji. Alikaa nayo mpaka chai ya jioni, akiinua mkono mara kwa mara bila sababu, kisha akaivua.

Siku tatu aliiweka mezani. Gesare aliitazama akasema leo mzee ameleta mtoto wa ndoa. Mzee hakucheka. Jumatano asubuhi, kabla Gesare hajafika, alikibana kifuniko kwenye jiliwa, akatoa tupa laini kuliko zote, akaiweka juu ya herufi ya K na kuivuta mara moja.

Mara moja tu. Kwenye mguu wa ile K ukabaki mkwaruzo mwembamba, urefu wa punje ya mchele. Aliutazama kwa lenzi. Katika miaka hamsini na zaidi ya kushika tupa, hakukumbuka kuivuta mahali pasipotakiwa. Akafungua jiliwa, akakirudisha kifuniko, na alipokuwa akikibana akaona jambo jingine ambalo hamu ilikuwa imemficha. Kwenye pembe ambapo mkanda unashika saa palikuwa na unga mgumu, mweupe na wa kijani. Aliukwangua kidogo, akaunusa.

Akampigia Maxine simu akamwuliza kama Jumamosi ana nafasi ya kumfikisha Siongiroi.

Siongiroi ni mahali ambapo chai imekwisha na ng'ombe wameanza. Jua lake si la Kericho. Walimkuta Rodah, mjane wa Kipngeno, kwenye kigoda mbele ya nyumba akichambua maharagwe. Ni mama wa miaka themanini hivi, mwembamba, na kanga yake ameifunga fundo kiunoni. Mzee alimwamkia kwa lugha yake, chamgei, akaitikia chamgei mising, akamwita Baba Maxine kabla hajaambiwa ni nani. Hakuwa amemsahau. Akamwita mkaza mwanawe, Janeffer, alete chai. Mwanawe, Robert, alikuwa shuleni anakofundisha hata Jumamosi.

Waliulizana habari za mvua, magoti na wajukuu. Kisha mzee akatoa saa mfukoni akaiweka katika kiganja chake.

Rodah aliuona mshale mwekundu. Akainua macho, lakini hakumtazama aliyeileta. Alimtazama Janeffer, aliyekuwa amefika mlangoni na sinia, akasimama hapo hapo.

"Hii ilipotea wiki ya mazishi," Rodah alisema. "Na wiki hiyo hakuna mgeni aliingia chumba ya mzee."

Janeffer aliinamisha kichwa. Maxine, ambaye hakujua lolote kuhusu nyumba hii, alielewa papo hapo kwamba mama huyu kijana amebeba sinia hilo, na shutuma hiyo, miaka mitatu.

Mzee Obiero hakuwa na haraka. Aliomba saa kidogo, akaonyesha ule unga wa pembeni, akasema kwamba huu si kutu wala si jasho. Huu ni maji ya betri, yale ambayo betri kavu hutapika ikisahauliwa ndani ya kitu. Saa ya kutia ufunguo haina betri. Kwa hiyo ilikaa na betri nyumba moja. Akauliza kama Kipngeno alikuwa na redio.

Redio alikuwa nayo. Ilikuwa kubwa, ya betri sita, ya kushikwa kwa mpini, na watu wa kijiji kizima walikuwa wakiisikiliza habari ya saa moja. Ilikufa kabla ya mwenyewe, na ikabaki juu ya kabati.

"Na wajukuu walikuwa wanashikashika saa yake?" mzee aliuliza.

Mkono wa Rodah ulikuwa umesimama juu ya maharagwe. Alikumbuka kwamba wajukuu waliishika sana, mpaka mzee akasema ataificha pahali ambapo hata yeye mkewe hatajua. Alikumbuka wiki ya mazishi, kijana wa kununua vyuma kuukuu akipita barabarani na mkokoteni, na yeye akitaka kitu kile cha huzuni kiondoke juu ya kabati.

"Niliuza redio na saa ikiwa ndani," alisema. "Niliuza nikipeana kwa mkono yangu."

Kuku walipita. Kisha Rodah akaanza kuhangaika na fundo la kanga yake, vidole vikamshinda, akaendelea, mpaka likafunguka. Ndani yake palikuwa na ufunguo mdogo wa kabati. Alimnyoshea Janeffer na kumwambia kwa Kikipsigis aende achukue bilauri za wageni, hivyo vikombe avirudishe, na ufunguo akae nao, yeye amechoka kuubeba. Mzee Obiero amekaa na Wakipsigis zaidi ya miaka hamsini, alielewa kila neno, lakini aligeuka akatazama ng'ombe. Janeffer aliupokea ufunguo. Alikawia sana ndani, na aliporudi na bilauri alikuwa amenawa uso.

Wakanywa chai. Baada ya bilauri ya pili mzee alisema ana neno lingine. Akageuza saa, akaonyesha mguu wa K, akaeleza alichofanya Jumatano asubuhi na tupa. Hakuongeza sababu.

Rodah hakusoma sana shuleni. Alipapasa herufi kwa kidole gumba.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na ukasimama."

"Nikasimama."

"Basi," Rodah alisema, na neno hilo likafungwa.

Lakini lilimfanya awaze. Fundi ambaye mkono wake ulitaka saa ya mtu mpaka ukashika tupa, yake iko wapi? Alimwuliza hivyo. Yeye siku zote alidhani Obiero alipewa ya kwake. Alikumbuka vizuri Novemba ya 1986, siku ya Kipngeno, Obiero ndiye aliyemletea kiti cha kukalia kwa sababu alikuwa mjamzito.

Mzee alimwambia alikosa kidogo.

"Kidogo ngapi?"

"Miezi mitatu na kitu."

Rodah alicheka, cheko la kwanza tangu wafike. Miezi mitatu ni maharagwe, alisema. Unapanda, unavuna, hata hujakumbuka ulipanda lini. Yeye mwenyewe alichuma majani miaka thelathini na mmoja, mvua na jua, akapewa blanketi. Blanketi haliandikwi jina, na panya hawakuuliza la nani.

Ndipo mzee akatoa mkebe wa peremende. Maxine hakujua kama alikuja nao. Akafunua flaneli, akaeleza, kama anavyoeleza kwa mteja yeyote, ndani yake kuna nini: huyu Onyiego, huyu Mogaka, huyu wa lori, mpaka akafika kwenye mshale wa sekunde, mwembamba, wa buluu iliyoiva. Huo ni wa Kipngeno. Alimtolea 2003 alipomtilia mwekundu, na Kipngeno akamwambia akae nao. Kama mama anautaka, vifaa anavyo mfukoni, ataurudisha sasa hivi, saa ya mzee iwe orijino kama ilivyotolewa.

Rodah alizishika zote mbili, moja kila kiganja. Aliziweka sikioni, kwanza hii, halafu hii.

"Wacha huyo mwekundu akae, ndiye mzee wangu aliona naye mpaka mwisho," alisema. "Na huyo mwingine alikuachia. Tembeeni pamoja."

Kisha akageuza ile ya mkebe, akapapasa nyuma kama alivyopapasa ile nyingine. Kidole hakikukuta kitu. Akapapasa tena.

"Huyu hakuna mtu alimpatia," alisema, si kama swali.

Akamwita Janeffer, akamtuma kwenye ua wa nyuma, pale sinendet ilipopanda juu ya miti. Mzee alipoelewa anachokusudia alianza kukataa. Alisema yeye ni mtu wa Nyakach, tena miaka yenyewe haikutimia. Rodah alimwambia aache maneno, asimame vizuri. Yeye mwenyewe akavaa viatu vyake vya kanisani. Janeffer alirudi na tawi refu la kijani, majani yake membamba yakiwa bado na vumbi, na kwa kuwa mzee ni mrefu na Rodah ni mfupi, ilibidi mzee ainame ili kuvikwa.

Rodah alichukua saa ya mkebe kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto ukishika kiwiko, kama anavyopewa mtu wa kuheshimiwa. Hakukuwa na kipaza sauti, wala meneja. Palikuwa na mbwa, ungo wa maharagwe na wanawake watatu.

"Obiero wa Nyakach," Rodah alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. "Alinoa rola. Miaka ishirini na nne..."

Akasita. Hakujua iliyobaki.

"Miezi minane," Maxine alisema nyuma yake, "na siku ishirini na tano."

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Mkanda haukumshinda kufunga, vidole vyake vimefunga mikanda ya watu maelfu, lakini alikawia, na Janeffer akaanza kupiga makofi ili kukawia huko kusionekane. Maxine akafuata.

Kabla ya kuondoka mzee alizitia saa zote mbili ufunguo na kuzisawazisha kwa saa ya simu ya Maxine. Ile ya Kipngeno Rodah aliivaa mwenyewe, juu kidogo ya kifundo cha mkono, kwa sababu tundu la mwisho la mkanda lilikuwa bado kubwa kwake. Janeffer alisema atampelekea mkanda kutobolewa sokoni Jumatatu.

Njiani walianza kuiona chai tena. Hapo Maxine alisema kile kifuniko kitupu amwachie yeye, kuna mtu mjini anayechonga vikombe vya michezo ya shule. Hiyo ndiyo itakuwa zawadi yake. Akamwuliza aandikiwe nini, miaka ishirini na mitano? Ni namba moja tu, na hakuna atakayehesabu.

"Andika ilivyo, mama," mzee alisema.

Maxine alimwambia miaka, miezi na siku havitaenea. Mzee alimwambia herufi ziwe ndogo.

Zilienea. Mchongaji alilalamika, lakini zilienea, na ukiwa na macho mazuri unaweza kuzisoma bila lenzi. Jumatatu iliyofuata mzee alifika verandani akiwa ameivaa, na mkono wa shati ameukunja mara mbili zaidi ya kawaida, ingawa asubuhi ilikuwa ya ukungu na baridi. Gesare aliona kabla hajakaa. Akasimamisha cherehani.

"Mzee wa saa, leo umemtoa mtoto nje? Wale baba kumi na mmoja wameshakubaliana?"

Mzee alivuta kiti, akafungua droo, akavaa lenzi.

"Amepata mama," alisema.